Bibi Anachomwa Jumamosi

Mimi sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Hilo lieleweke mapema, maana mwanangu amekuwa akiwaambia majirani kwamba mama yake ana masikio marefu. Masikio yangu ni ya kawaida kabisa. Mazungumzo ndiyo yaliyonifuata kitandani, nimejilaza zangu baada ya chakula cha mchana, yakapenya kwenye kipande cha boksi kilichoziba kioo kilichovunjika dirishani, yakaja mpaka kwenye mto. Ningefanyaje? Nijitie pamba masikioni ndani ya nyumba ya mwanangu mwenyewe?

Chumba nilichokuwa nalala si changu, ni cha mjukuu wangu, na mjukuu wangu yuko shule ya bweni. Mimi nilikuwa nimepanga kwangu, nashona nguo za watu, sina shida na mtu. Mwenye nyumba akaiuza nyumba bila hata kunikoholea. Nikaja kwa mwanangu na sanduku langu na cherehani yangu, nikasema nimekuja kusalimia. Basi salamu zikarefuka. Hakuna aliyeniambia kaa, hakuna aliyeniambia ondoka, nami sikuuliza. Mtu umejilipia kodi yako tangu usichana wako, unaanzaje kumuuliza mtoto uliyemzaa kama una nafasi kwake? Unaweza kujibiwa! Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi, nasema wazi. Niliogopa kwamba siku mtoto atakapofunga shule nitaambiwa asante kwa kutusalimia.

Sasa, mke wa mwanangu ni mfinyanzi. Si wa vyungu vya kupikia, hapana. Yeye anatengeneza vyungu vya bustani, anavichoma kwa moto mkali mpaka udongo unakuwa jiwe. Ukikigonga kinalia. Ukikiacha nje kwenye jua na mvua miaka nenda miaka rudi, kiko vilevile, hakinyonyi maji wala hakimeguki. Watu wanakuja na magari kuvichukua, wanapanda maua humo, miti ya malimau, mmoja anafugia samaki. Ni kazi nzuri, siwezi kumnyima haki yake.

Ila kabla ya kwenda motoni, vyungu lazima vikauke polepole, mahali pasipo upepo. Na katika nyumba nzima, mahali pasipo upepo palikuwa wapi? Palepale kwangu. Nililala na vyungu, jamani. Vyungu chini ya dirisha, vyungu juu ya kabati, visahani vyake vimepangwa juu ya cherehani yangu, na pembeni, kati ya kitanda na ukuta, dude moja kubwa limefunikwa shuka, lilikuwa humo hata kabla sijafika. Nilikuwa nalitundikia mtandio. Dirisha marufuku kufungua, feni marufuku kuwasha. Vyungu vinakauka, mimi nalowa jasho, na simwambii mtu kitu.

Siku hiyo basi nimejilaza, nikasikia sauti nje barazani. Mkwe wangu na msaidizi wake wa tanuri, mtu mzima anayeitwa Ndevu. Anaitwa Ndevu kwa sababu hana. Tanuri lilizila siku alipochungulia ndani kuona kama moto umekolea, na nyusi zikaenda pamoja nazo.

"Bibi tunamtoa lini?" Ndevu akauliza.

Bibi ndiyo mimi. Mjukuu alianza, na wengine wote wakafuata, isipokuwa mwanangu, na mkwe wangu, ambaye ana adabu na huniita Mama.

"Jumamosi," mkwe wangu akajibu. "Hawezi kuendelea kukaa humo. Mtoto anafunga shule, chumba kinatakiwa."

Roho ikanipaa. Nikaketi.

"Amekauka lakini?"

"Juu amekauka vizuri. Chini ndiyo bado bado. Si unayajua makalio yake."

"Yale makalio!" Ndevu akapiga mluzi. "Mlangoni atapita kweli?"

"Kiubavuubavu. Siku hizi amenywea."

Nimenywea! Mimi! Nikajitazama. Wewe unayesikiliza unacheka, lakini ungekuwa kitandani kwangu usingecheka.

"Na ule mdomo?"

"Mdomo ndio kasoro yake," mkwe wangu akasema, tena kwa masikitiko. "Mkubwa kupita kiasi. Lakini sasa hivi siwezi kuugusa, atapasuka."

"Akitoka humo moja kwa moja motoni?"

"Moja kwa moja. Ila taratibu. Tunaanza na moto mdogo, tunamwongezea, tunamwongezea, mpaka awe mwekundu wote."

"Mimi naogopa atalipuka."

"Akilipuka atawaharibu na wenzake. Ndiyo maana nasema huyu Bibi asiharakishwe."

"Matundu umeshamtoboa?"

"Siku nyingi. Matatu, chini kabisa. Maji yatatoka bila shida."

Hapo nilijipapasa. Sikukuta tundu lolote geni.

Nataka nieleweke. Mimi si mjinga. Kuchomwa moto sikuamini sana. Nikafikiri, labda wanasema kuchomwa sindano. Sindano ya usingizi, nilale, nibebwe na sanduku langu, nije kuzinduka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimeketi mstarini na watu nisiowajua. Ila sindano gani inamfanya mtu awe mwekundu wote? Hapo hesabu zikawa zinanikataa. Lakini kutolewa chumbani niliamini palepale, kwa sababu ndilo nililokuwa nikilingojea kila siku.

Nikampigia simu mwanangu. Mwanangu ni fundi umeme, ukimpigia wakati wowote yuko juu ya ngazi.

"Mwanangu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "mkeo anasema Bibi atachomwa Jumamosi."

"Eeh, najua, Mama," akajibu. "Nimeomba ruhusa kazini nije kusaidia."

"Kusaidia nini?"

"Kumbeba. Wenyewe hawamuwezi, yule ni mzito balaa. Nimemwambia na jamaa yangu mmoja aje."

"Mwanangu! Na wewe umo?"

"Nimo, Mama. Nisipokuwepo si watamwangusha? Haya, nimeshika nyaya, tutaongea." Akakata.

Nikabaki nimeshika simu. Mtoto niliyemnyonyesha, nikamshonea sare za shule kwa mkono wangu, leo anaomba ruhusa kazini aje kunibeba, tena analeta na jamaa. Nilitaka kulia nikashindwa. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikajipima nyonga, kisha nikaenda nikapima mlango. Nilikuwa napita, tena nafasi inabaki. Huo uzushi wao wa kiubavuubavu ukaniuma kuliko yote.

Nikafikiri: kama shida ni mdomo, mdomo nitaufunga. Nikafyata ulimi. Chakula kikiwa na chumvi nyingi, nakula. Mkwe wangu akivaa gauni ambalo pindo lake limekwenda upande, natazama pembeni, na mshonaji yeyote atakwambia hayo ni mateso. Naamka kabla ya watu, nafagia uwanja, naosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Ndevu akija asubuhi, "Shikamoo Bibi," naitikia "Marahaba," basi, nanyamaza. Zamani ningemuuliza lini atanunua nyusi.

Nilidhani watafurahi. Wapi! Mkwe wangu akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Siku moja akaja akanishika paji la uso.

"Mama, una joto?"

"Bado," nikasema. "Mtaniongezea."

Akanitolea macho. Akaniletea chai ya tangawizi na blanketi la pili, kwenye chumba kile kile kisichofunguliwa dirisha. Nikajua ndiyo kukaushwa kwenyewe huko.

Ijumaa wakaja, yeye na Ndevu, wakaanza kutoa vyungu vidogo. Kimoja kimoja, wamevikumbatia, wanatembea kwa vidole, hawanitazami hata usoni. Wakamaliza vya juu ya kabati, wakamaliza vya chini ya dirisha, wakaondoa visahani kwenye cherehani. Jioni chumba kikabaki cheupe: kitanda, sanduku, cherehani, lile dude la pembeni, na mimi. Nikajua zamu yangu imefika.

Jumamosi asubuhi nikapiga moyo konde. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikasukuma kitanda mpaka mlangoni, nikapandisha sanduku juu ya kitanda, na mimi mwenyewe nikakaa juu ya sanduku. Kama wanasema mimi mzito, basi wauone huo uzito.

Haukupita muda, hodi.

"Mama, fungua," mkwe wangu akasema. "Tumemfuata Bibi."

"Bibi hatoki!"

Nikasikia wananong'ona.

"Mama, tanuri limeshafunguliwa. Anangojwa yeye tu."

"Mchomeni mwingine!"

"Wengine wameshaingia," Ndevu akadakia. "Watoto wote tumeshawapanga ndani tangu jana."

Nikapiga ukelele. "Watoto! Nyie watu mna roho gani nyie?"

"Mama," hiyo sasa sauti ya mwanangu, "mbona unapiga kelele? Unaumwa? Fungua tumtoe Bibi, jamaa yangu ana shughuli nyingine saa hizi."

"Mwambie aende kwenye shughuli yake! Mama yako hachomwi leo wala kesho!"

Hapo ndipo nikasikia sauti ngeni, nzito, ya mtu aliyezoea kuombwa radhi. Baadaye nilimjua: ni mteja, ana nyumba ya wageni na bustani kubwa, kwa hiyo wanamwita Baba Bustani. Alikuja kuchukua mzigo wake wa zamani, akabaki kushuhudia huyo Bibi akiingia motoni.

"Samahani, Mama," akasema kwa upole. "Mimi ndiye ninayemchukua. Usiwe na wasiwasi, kwangu atatulia. Nimeshamtayarishia mahali pazuri getini."

"Getini?"

"Getini kabisa, kila mgeni amwone. Nitamjaza mchanga na mbolea ya ng'ombe mpaka shingoni, halafu nimpandie mlimau."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Baba," nikamwambia, "mimi nina umri wa mama yako. Nimewakosea nini? Kama mnataka niondoke si mniambie niondoke? Nitafunga sanduku langu. Msinipandie kitu!"

Mara nikasikia kishindo. Ni mwanangu, miguu imemwisha kwa kicheko, ameanguka chini kwenye ujia. Alicheka mpaka akaanza kukohoa. Ndevu akaanza naye, jamaa wa kubeba akafuata, na Baba Bustani akawa anauliza, "Nini? Nimesema nini?" Mkwe wangu peke yake ndiye ambaye hakucheka. Nilimsikia akisogea karibu kabisa na mlango.

"Mama," akasema polepole. "Bibi ni chungu."

"Nani chungu?"

"Kile kikubwa. Hicho hapo pembeni yako. Funua shuka."

Nikashuka kwenye sanduku. Nikaondoa mtandio wangu, nikavuta shuka. Lo! Chungu kimesimama mpaka kifuani kwangu. Chini kimejaa, juu kina mdomo mpana unaoweza kumeza ndoo, na alama za vidole vya mkwe wangu zimezunguka tumbo zima. Nikakitazama. Nimepima wanawake wengi maishani mwangu, na wachache walikuwa na kiuno kilichokaa mahali pake namna ile. Makalio ndiyo, yalikuwepo. Sikatai.

Sasa mtu mwingine angeona haya hapo. Mimi nilipandwa na hasira.

"Kama ni chungu," nikawapigia kelele kupitia mlangoni, "mbona mnasema amekauka? Chungu kimekauka! Kimekauka, kimetobolewa, kinachomwa! Mmesoma wapi nyie? Mngesema kimekauka mimi ningekuwa nimelala usingizi wangu!"

"Ndivyo tunavyosema kazini, Mama," mkwe wangu akajibu. "Kikiwa bado donge tunasema hiki. Kikishasimama chenyewe, ni huyu."

"Na kwa nini Bibi? Majina yote yameisha duniani?"

Nikasikia wanasukumana. Mwisho Ndevu akajitosa.

"Kwa sababu hataki kuharakishwa, Bibi. Ukimsogeza bila kumtaarifu, anapasuka."

Hilo nikaliacha lipite. Lakini lile la msingi lilikuwa bado, nalo halikuwa la chungu. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Haya, huyo ni chungu, nimekubali," nikasema. "Na mtoto anafunga shule. Hilo nililisikia vizuri, wala hilo si la chungu. Ulisema chumba kinatakiwa."

"Nilisema."

"Kinatakiwa na nani?"

"Na wewe, Mama," mkwe wangu akasema. "Wewe na mjukuu wako. Yeye kitanda chake kinaletwa kesho, na vitanda viwili haviwezi kuenea humo pamoja na kiwanda changu. Nimekulaza na udongo miezi yote hii, hufungui dirisha, huwashi feni, husemi kitu. Naona aibu. Ndiyo maana nahamisha vyungu, najenga kibanda huko nyuma. Sasa nakuona umenyamaza, hunisemi hata pindo la gauni, nikajua umenuna, unataka kutukimbia."

Sikuufungua mlango mara moja. Waliokuwa nje walidhani bado nimekasirika, na mimi niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu mtu anahitaji muda wa kufuta uso, na mtandio ulikuwa na vumbi la udongo, kwa hiyo nilitoka na matope mashavuni. Hakuna aliyethubutu kuyasema.

Nikasukuma kitanda, nikafungua, wakaingia. Wakapitisha ubao chini ya chungu, wanaume watatu na Ndevu, mkwe wangu anaamrisha kwa macho tu, maana hakuna aliyekuwa anapumua. Wakamnyanyua Bibi. Wakamfikisha mlangoni. Akakwama.

Wakamgeuza kiubavu. Akakwama. Wakamgeuza upande mwingine, wakamrudisha, wakamtua chini.

"Ulimfinyangia humu humu ndani?" nikamuuliza mkwe wangu.

"Humu humu."

"Bila kupima mlango?"

"Nilijua atanywea," akasema kwa sauti ndogo. "Udongo ukikauka unanywea."

"Amenywea?"

"Hakunywea vya kutosha."

Nilikuwa nayo mengi ya kusema hapo, karibu nipasuke mimi. Nikajizuia, nikatoa futi, nikampima Bibi, nikapima mlango. Aliuzidi kwa upana wa vidole viwili. Ukimbana anavunjika, maana kabla ya kuchomwa ni mkavu tu, hana nguvu hata ya kusukumwa. Ukimwacha humo, hachomwi, anabaki udongo maisha yake yote. Baba Bustani akawa anajipangusa kipara. Jamaa wa kubeba akatazama saa.

"Fremu inatoka," mwanangu akasema, anagonga ukuta kwa kidole. "Na matofali machache hapa pembeni. Tukibomoa hivi, anapita. Nilete nyundo?"

Akamtazama mkewe, kwa sababu vyungu ni vya mkewe. Baba Bustani naye akamtazama, Ndevu akamtazama. Na mkwe wangu akatikisa kichwa.

"Msiniangalie mimi," akasema. "Muulizeni Mama. Yeye ndiye mwenye chumba."

Wote wakanigeukia. Mwanangu akawa amesimama na mikono yake mikubwa, anangoja ruhusa yangu kabla ya kugusa tofali. Nikakaa kwenye kitanda. Nikakunja futi yangu taratibu. Hakuna aliyeniharakisha.

"Rudia," nikamwambia mkwe wangu. "Mwenye chumba ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Sema kwa sauti. Huyu baba wa bustani hajasikia."

"Ni wewe, Mama!" akapaza sauti, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Haya," nikasema. "Bomoeni."